Bushi ya distributa kwenye gari la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mwenye gari la zamani anapofungua boneti na kukuta injini inatetemeka, kabureta imeshafunguliwa mara tatu na bado hakuna nafuu. Mifano mingi ni ya distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) ya Lucas 25D4, iliyofungwa kwenye Land Rover Series IIA za petroli, MGB na Mini za miaka ya 1960. Kama yako ni Bosch au ya Kijapani, kanuni ni zile zile. Tofauti zake ziko sehemu ya mwisho.

## Mambo ya msingi

Bushi ya distributa ni kitu gani, na iko wapi?

Ni kipande cha shaba chenye umbo la bomba, kimebanwa ndani ya shingo ya distributa, na shafti inazunguka humo. Kwa nje huioni. Lazima uvue kofia, utoe rota (kipande kinachozunguka chini ya kofia na kupeleka cheche kwa kila plagi), uondoe sahani ya pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke) na uitoe shafti pamoja na vizito vya adivansi (vinavyowahisha cheche injini ikienda kasi), ndipo uione ikiwa imekaa ndani ya alumini kama pete ya rangi ya kahawia.

Shaba yenyewe si ya kawaida. Ni unga wa shaba na bati ulioshindiliwa kwenye kalibu, kisha ukachomwa bila kuyeyuka kabisa. Kwa hiyo imejaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na vitundu hivyo hunywa mafuta kama sponji, karibu sehemu moja kwa tano ya ujazo wake. Shafti ikizunguka na kupata joto, mafuta hutoka. Injini ikipoa, hurudi ndani. Ukilielewa hilo, majibu mengi yaliyo chini yatakuwa rahisi.

Kwa nini kitu kidogo hivyo kinaisumbua injini nzima?

Kwa sababu pointi zinafanya kazi kwenye uwazi mdogo sana. Kwenye 25D4 uwazi huo ni milimita 0.35 hadi 0.40. Shafti ikicheza sehemu moja tu ya kumi ya milimita, umeshapoteza robo ya kipimo au zaidi, na upotevu wenyewe haukai mahali pamoja.

Kemu ya distributa, yaani kipande cha juu ya shafti kinachofungua pointi, ina pembe nne, kila pembe na silinda yake. Shafti inapoyumba, pembe moja hufungua pointi sana na nyingine hufungua kidogo. Uwazi ukiongezeka cheche hutoka mapema, ukipungua hutoka kwa kuchelewa. Tena distributa huzunguka nusu ya mwendo wa krenki (shafti kuu ya injini), kwa hiyo digrii moja ya kosa pale juu ni digrii mbili kwenye krenki. Fundi anakupangia taimingi (wakati wa cheche kutoka) vizuri kabisa kwenye silinda namba moja, na zile tatu zinabaki kila moja na saa yake.

Dalili zake ni zipi?

Sailensi (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) haitulii. Gari linamisi bila mpangilio, leo sana, kesho kidogo. Ukipiga taa ya taimingi, alama ya kwenye puli inarukaruka badala ya kusimama sehemu moja. Pointi ulizopima wiki jana kwa fila (bapa nyembamba za kupimia uwazi) leo zinasoma kingine. Ukiigeuza kofia, mara nyingine utakuta vichwa vya ndani vimekwaruzwa upande mmoja tu, maana rota imekuwa ikivigonga.

Dalili mbili za kwanza ni zile zile za kabureta mbovu, na hapo ndipo watu tunapoteza pesa. Mimi nilinunua seti nzima ya spea za kabureta, nikabadilisha gasketi ya manifodi, nikamlaumu muuza petroli wa watu. Siku niliyoishika rota kwa vidole viwili na kuitikisa, ilicheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

Nitajuaje kuwa ni bushi na si kitu kingine?

Zima injini, vua kofia, toa rota. Shika ncha ya juu ya kemu na uisukume kushoto na kulia, halafu mbele na nyuma. Usiizungushe. Kuzunguka kidogo na kurudishwa na springi ni kazi ya adivansi, si ugonjwa. Unachotafuta ni kuyumba kwa pembeni. Weka pointi zikiwa wazi na uangalie uwazi wake wakati unasukuma: ukiuona unapanuka na kufinyika kwa macho tu, kuna tatizo.

Sasa subiri kidogo kabla ya kuilaumu bushi. Kemu na shafti ni vitu viwili. Kemu imevishwa juu ya ncha ya shafti, na tundu lake nalo huchakaa. Kwa hiyo ingiza kidole au bisibisi nyembamba chini, uzuie shafti pale kwenye vizito, kisha usukume kemu tena. Kama shafti imetulia na kemu bado inayumba, bushi yako ni nzima na ugonjwa uko juu. Watu wengi wamebadilisha bushi nzima kwa kuruka hatua hii.

Sahani ya pointi nayo ikilegea huleta dalili zinazofanana. Ukiwa na mita ya dweli (inayopima pembe ambayo pointi zinakaa zimefungwa), chomoa bomba la vakyumu, pima injini ikiwa sailensi, halafu pima kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Usomaji ukihama zaidi ya digrii tatu hivi, kuna kitu kimechakaa kati ya shafti, bushi na sahani. Ukiwa na dayo geji (saa ya kupimia mchezo mdogo) ni bora zaidi: mchezo ukifika milimita 0.1, anza kutafuta spea.

Gari langu linakwenda vizuri tu. Niifungue nione?

Hapana. Weka mafuta, fanya jaribio la kusukuma kemu, funga kofia.

## Kulainisha

Mafuta yanawekwa wapi hasa?

Sehemu nne, na zote unazifikia bila kuitoa distributa.

Toa rota. Katikati ya ncha ya kemu utaona kichwa cha skrubu. Dondosha matone mawili matatu hapo juu. Usiifungue hiyo skrubu. Pembeni yake kuna nafasi iliyoachwa makusudi ili mafuta yapite yashuke kati ya kemu na shafti. Kwenye baadhi ya distributa, hasa za Bosch, hapo utakuta kipande cha felti badala ya skrubu, nacho kinataka matone hayo hayo.

Kisha dondosha matone machache kwenye nafasi kati ya kemu na sahani ya pointi, yaende chini kwenye vizito vya adivansi na kwenye mdomo wa bushi. Tone moja, moja tu, kwenye kijiti ambacho mkono wa pointi unazungukia. Mwisho, paka grisi nyembamba kwenye uso wa kemu pale kisigino cha pointi kinapokwaruza. Nyembamba maana yake ukiangalia unaona mng'ao, huoni grisi.

Distributa nyingine za zamani zina kikombe kidogo cha mafuta pembeni ya shingo, chenye kifuniko. Kama yako inacho, hicho ndicho mlango wa bushi. Mara nyingi kimezibwa na vumbi la miaka na hakuna anayekijua tena.

Nitumie mafuta gani?

Mafuta ya injini ya kawaida. SAE 30 ndiyo yanayotajwa na vitabu vya zamani, lakini tone la 20W-50 uliyonayo kwenye rafu halitaua kitu. Usitumie oili ya difu yenye dawa kali za gia, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hula shaba. Dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu si mafuta ya kulainishia: leo shafti inateleza vizuri, baada ya siku chache imekauka kuliko mwanzo.

Na grisi isiingie kwenye bushi kabisa. Grisi huziba vile vitundu, na bushi yenye vitundu vilivyozibwa ni bomba la shaba lisilo na mafuta.

Mara ngapi?

Kila kilomita 5,000 hivi, sawa na maili 3,000, yaani pamoja na kubadilisha oili ya injini. Kama gari linapita barabara za vumbi, fanya mapema. Vumbi jekundu linaloingia kwenye kofia iliyolegea likichanganyika na mafuta linakuwa kama tupa laini kwenye shafti. Gari la maonyesho linalolala chini ya turubai mwaka mzima linataka matone pia, na shafti izungushwe.

Nikiweka mengi kuna ubaya?

Upo, na unaonekana haraka. Mafuta ya ziada hurushwa na kemu yakatua kwenye pointi. Pointi zenye mafuta huungua, zinakuwa nyeusi, cheche inadhoofika, na unaanza kufukuza ugonjwa mpya. Ukizidisha, futa pointi kwa kipande cha karatasi safi kilichobanwa kati yake, si kwa kitambaa chenye nyuzi.

Fundi aliiosha distributa yote kwa petroli ikang'aa. Kuna tatizo?

Amekuachia alumini safi na bushi kavu. Petroli huyatoa mafuta ndani ya vitundu, na matone mawili ya juu hayatoshi kuyarudisha. Ikiwa shafti bado iko nje, laza mwili wa distributa ndani ya oili, shingo yote izame, kwa muda ule ule unaohitajika kwa bushi mpya (tazama swali la kulaza bushi kwenye mafuta). Kama imesharudishwa kwenye gari, itoe. Najua inachosha.

## Kubadilisha

Ninaweza kufanya mwenyewe?

Kama una jiliwa (vaisi), panchi nyembamba, nyundo ndogo, maikromita ya kuazima na uvumilivu wa siku mbili, ndiyo. Siku ya kwanza nyingi ni ya kusubiri.

Naitoaje distributa bila kupoteza taimingi?

Chomoa betri. Zungusha injini kwa mkono mpaka silinda namba moja iwe juu kwenye kompresheni na rota ielekee waya wa plagi namba moja. Kisha weka alama mbili: moja kwenye ukingo wa distributa pale rota inapoelekea, nyingine ikivuka kati ya shingo ya distributa na bloku. Piga picha kwa simu, ni bure.

Ondoa boliti inayoshika sahani ya kubana kwenye bloku, na uiache nati inayobana sahani yenyewe kwenye shingo. Ukiigusa hiyo nati, taimingi imeondoka. Na wakati distributa iko nje, asiwepo mtu wa kupiga stata "kujaribu tu".

Shafti inatokaje?

Chini ya shafti kuna meno ya kuendeshea yaliyoshikwa na pini inayopita katikati. Kabla ya kuigonga, chunguza meno hayo: kwenye Lucas hayako katikati kabisa, yamesogea upande mmoja. Weka alama ya upande uliosogea ukilinganisha na mkato wa rota. Ukikosea hapa, shafti itarudi imegeuka nusu duara, na tutaonana kwenye swali la mwisho.

Mara nyingi ncha za pini zimepondwa ili isitoke. Zisage kwanza kwa tupa, kisha uisukume kwa panchi huku meno yameegemea kitu kigumu. Usiegemeze alumini ya shingo, inapasuka. Zishike washa zote kwa mpangilio zinavyotoka, ya juu na ya chini hazifanani.

Kagua ncha ya chini ya shafti kabla ya kuivuta. Ikiwa na vijino vilivyotokana na kugongwa, vilainishe kwa jiwe la mafuta, la sivyo vitakwaruza bushi unapoitoa.

Bushi ya zamani inatolewaje?

Pima kwanza imezama kiasi gani, juu na chini, na uandike. Halafu ipashe joto shingo. Alumini hutanuka zaidi kuliko shaba, kwa hiyo maji yanayochemka kwenye sufuria yanatosha, hakuna haja ya gesi ya kuchomelea. Isukume kwa vaisi na kipande cha chuma kilichokerezwa kipenyo kidogo kuliko cha nje cha bushi. Nyundo peke yake huipinda, na bushi iliyopinda huikwaruza alumini ambayo bushi mpya inaitegemea.

Kwa nini bushi mpya lazima ilale kwenye mafuta?

Kwa sababu inafika dukani kavu au nusu kavu, na baada ya kufungwa hakuna njia nyingine ya kuijaza vizuri. Maelekezo ya Lucas ni saa 24 ikiwa imezama kabisa kwenye oili ya injini ya SAE 30. Kama una haraka kweli kweli, pasha oili mpaka nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa mbili, kisha uiache bushi ipoe ikiwa humo humo. Usiitoe ikiwa moto: ni wakati wa kupoa ndipo hunywa.

Tumia kopo la chakula cha watoto, jaza, funika. Baada ya nusu saa utaona mapovu madogo yakipanda kutoka kwenye shaba, moja moja, kama samaki anapumua. Hiyo ni hewa inayotoka kwenye vitundu.

Inaingizwaje?

Kwa kusukumwa taratibu na vaisi, si kwa kugongwa. Mkerezaji akutengenezee kijiti chenye bega: sehemu nyembamba ing'arishwe ilingane na kipenyo cha shafti na iingie ndani ya bushi, bega lisukume ukingo wake. Kijiti hicho ndicho kinachozuia tundu lisifinyike wakati bushi inabanwa. Hakikisha imesimama wima kabla ya kukaza, na isukume mpaka vile vipimo ulivyoandika.

Kwenye 25D4 usisahau tundu la kutolea mafuta kwenye shingo. Bushi mpya haina tundu hilo, kwa hiyo pitisha drili kwenye tundu la zamani, utoboe bushi, kisha uondoe vijisu (mabaki makali ya shaba) vyote vilivyobaki ndani.

Shafti inaingia kwa kubana. Fundi anataka kupanua bushi kwa rima (kifaa chenye makali cha kupanulia tundu). Nimruhusu?

Hapana. Rima hulaza shaba juu ya vitundu na kuvifunga, kama kupiga pasi nguo yenye matundu. Bushi itaonekana laini, ya kupendeza, na haitatoa mafuta tena. Lucas wenyewe walikataza jambo hili.

Kama shafti haiingii, tatizo huwa moja kati ya matatu: bushi iliingia bila kijiti ikafinyika, imekwenda upande, au shafti ina vijino. Ikiwa inabana kidogo tu lakini inazunguka kwa mkono, hiyo ni kawaida. Ipake mafuta, iunganishe, na uizungushe kwenye drili ya kusimama au mashine ya kukereza kwa dakika 15. Kisha itoe, ifute, ipake mafuta upya, ndipo uunganishe moja kwa moja kwa pini mpya.

## Kesi zisizo za kawaida

Nimebadilisha bushi na bado inacheza. Kwa nini?

Shafti imeliwa. Ipime kwa maikromita sehemu tatu: pale bushi ilipokuwa inagusa juu, pale chini, na sehemu ambayo haijawahi kuguswa. Tofauti ikionekana, bushi mpya ya kiwanda haitakusaidia. Pima shafti kabla ya kununua bushi, si baada. Dawa ni kupata shafti nyingine kutoka distributa iliyokufa kwa sababu nyingine, au kuing'arisha shafti iwe sawa kote na kukereza bushi ya kipimo chake.

Sipati bushi. Mkerezaji wa mtaani anaweza kuchonga?

Anaweza, na nimeendesha moja kwa miaka. Lakini elewa umebadilisha aina. Shaba ya fimbo haina vitundu, haihifadhi mafuta, kwa hiyo achonge mfereji mwembamba wa mafuta ndani yake, na wewe usiruke ratiba ya matone hata mara moja. Faida yake ni kwamba hii inaruhusu rima, na ndiyo njia nzuri ya kuipata nafasi sahihi, karibu milimita 0.025 kati yake na shafti. Aipime shafti yako, asikereze kwa kufuata bushi ya zamani iliyochakaa.

Nikifunga kifaa cha elektroniki badala ya pointi, tatizo litaisha?

Litajificha. Kifaa hakina uwazi wa pointi wa kubadilika, kwa hiyo injini hutulia na watu hushangilia. Shafti inaendelea kuyumba, taimingi inaendelea kutawanyika kidogo, na siku moja pete ya sumaku inakigusa kifaa. Bushi kwanza. Na kwenye magari ya Kiingereza ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 angalia betri: mengi yamefungwa chanya kwenye bodi, na kifaa cha hasi kwenye bodi huungua mara moja.

Si rahisi kununua distributa mpya ya kuiga?

Kwa bei, mara nyingine ndiyo. Shida ni adivansi: springi na vizito vya ndani vilipangwa kwa injini fulani, na ya kuiga moja huuzwa kwa injini kumi. Ningetengeneza ya kwangu, isipokuwa mwili umepasuka.

Yangu ni Volkswagen Beetle au Corolla ya zamani. Kuna tofauti gani?

Beetle yenye Bosch ina meno yaliyosogea upande kama Lucas, kwa hiyo inakubali kuingia upande mmoja tu. Injini za Toyota za aina ya K ni jambo jingine: chini ya shafti kuna gia ya meno ya mshazari inayoendeshwa na kemshafti. Unapoitoa, rota inajizungusha kidogo. Weka alama ilipo kabla ya kuvuta na ilipo baada ya kutoka. Wakati wa kurudisha unaanzia ile ya pili ili iishie ile ya kwanza. Ukikosea jino moja, gari linaweza kuwaka, ila halitakuwa na nguvu.

Distributa nyingine zina bushi mbili, juu na chini. Badilisha zote kwa pamoja, na ziwe kwenye mstari mmoja.

Nimerudisha kila kitu, sasa gari linapiga mlio kwenye kabureta na halitaki kuwaka.

Meno ya chini yamefungwa kinyume, nusu duara. Rota inaelekea silinda namba nne wakati namba moja inasubiri moto. Kama umechoka na giza linaingia, zihamishe waya za plagi kwenye kofia, kila mmoja uende upande unaotazamana nao, na gari litawaka. Kesho asubuhi toa pini ile, geuza meno, rudisha waya mahali pake, kwa sababu fundi atakayefuata hatajua ulichofanya.